Fundo la Mkono wa Kushoto

Nyambura,

Barua za watu huanza kwa salamu nyingi na kuulizana afya. Afya yako naijua, maana nimekuona asubuhi hii ukifagia uwanja mara mbili bila kutumwa. Yangu ni hii: nina hasira. Usidhani ni uchungu wa mama anayeachwa na mtoto. Ni hasira tupu. Sehemu kubwa ni juu yangu mwenyewe, lakini iliyobaki inatosha kuwagawia wengine, na wewe pia una fungu lako.

Ni saa tisa mchana. Umekwenda kwa shangazi yako kuaga, na najua atakukalisha mpaka jua lishuke kwa sababu yule hajui kumaliza maneno. Mambo ya sabuni, blanketi, na namna ya kukaa na wasichana wa watu atakuambia yeye. Mimi sikuambii hata moja. Una miaka kumi na minane, na kama hujui kufua, wenye chuo wakufukuze.

Nimekaa kwenye kigoda karibu na mlango na sanduku lako la mbao liko mbele yangu. Umelifunga kwa ile kamba ya mkonge ambayo baba yako alikuletea kutoka kazini kwake ng'ambo ya Thika. Naandika juu yake, ndiyo meza yangu leo. Kila nikishusha mkono nagusa fundo.

Nianze na juzi. Kina mama wa kikundi walikuja na viazi na uji kukuaga, wakajaa humu ndani mpaka wengine wakakaa nje kwenye kuni. Wangari, ambaye akiona watu wametulia huwashwa mdomo, akasimama. Akasema, "Huyu mtoto wa mwenyekiti anakwenda kusomea ukulima, halafu atarudi kutufundisha. Na atakuwa na jicho la mama yake! Si mnakumbuka ile siku ya magome?" Wote wakaitikia, "Ii, tunakumbuka!" wakacheka. Mimi nikacheka pia. Wewe ulikuwa unamimina uji. Hukumwaga hata tone. Ulisema, "Asante, tata," kama unavyowaita shangazi zako wote, ukatazama ndani ya kibuyu kana kwamba kuna kitu kimeangukia humo.

Nilikuona. Miaka minane nimejiambia kwamba ulikuwa mdogo, umesahau. Hukusahau, mama. Nakuita mama kwa sababu umebeba jina la mama yangu, na yeye pia alikuwa na tabia hiyo ya kunyamaza mpaka mtu anatamani kupigwa kofi yaishe.

Kwa hiyo acha niseme mimi, tena niseme yote, kwa sababu wewe ulikuwa na miaka kumi na uliona upande mmoja tu.

Wakati ule kahawa ilikuwa mali ya wazungu. Ukipatikana na mti mmoja wa kahawa nyuma ya nyumba unang'olewa na unashtakiwa. Leo watu walewale wanakuja na kofia mkononi wanatubembeleza tupande, na wanashangaa tunapowatazama vibaya. Basi sisi tulikuwa na miwati. Tuliipanda kwenye mipaka na kwenye miteremko ambako mahindi hayakubali, na magome yake tukayapeleka kile kiwanda cha Thika kinachoyapika kuwa dawa ya kutengenezea ngozi za viatu. Mwanzoni kila mwanamke alibeba wake mgongoni, kamba kwenye paji la uso, anateremka peke yake mpaka barabarani. Wachuuzi walikuwa wanatungojea pale kama tai. Wanakuambia gome lako jembamba, gome lako kavu, na utafanya nini, utapanda nalo tena?

Ni Njeri aliyesema tuungane. Nataka ulijue hilo, kwa sababu siku hizi husikii mtu akilisema. Njeri, yule mjane jirani yetu wa chini kidogo ya mto. Alisema kama tunaweza kulimiana kwa ngwatio, leo shamba la huyu, kesho la yule, tunashindwaje kuuza pamoja? Akatuonyesha njia. Tungoje mpaka lori la kiwanda litangazwe, ndipo sote tubandue magome siku mbili zile, ili yafike mabichi. Hakuna kubandua kabla. Gome lililobanduliwa likikaa kwenye mvua linaingia ukungu na linageuka jeusi, halifai kitu. Tuliapa sote, kina mama kumi na wanne, tukiwa tumesimama kwenye uwanja wake.

Mimi nilibandua kabla.

Nisikilize, usinitafutie udhuru. Hatukuwa na njaa. Baba yako alikuwa kazini kwenye mkonge, mlikuwa mnakula. Nilibandua kabla kwa sababu nilitaka siku ile lori likija, rundo la nyumba yangu liwe refu kuliko ya wote. Kina mama walikuwa wanasema wachague mwenyekiti, na kila mtu alikuwa anataja Njeri, Njeri, Njeri. Mjane asiye na hata ng'ombe! Hasira hiyo ninayo mpaka leo, na sijui hata ni ya nini. Basi nikaanza siku tano mapema, pale nyuma ambapo mtu wa njiani haoni, na wewe ukanisaidia kubeba.

Ikanyesha. Unaikumbuka mvua ile, ilivyotuketisha ndani siku tatu na moshi. Nilipofunua majani ya migomba niliyofunikia, magome ya chini yalikuwa yamekuwa meusi, na mengine yana manyoya ya ukungu. Mtu mwenye akili angeyatupa shimoni. Mimi niliyaona yale marefu ya juu bado ni mazuri, nikasema nitayaweka mabovu katikati na mazuri nje. Ukaniuliza, "Mama, haya yananuka, tunayaweka pia?" Nikakuambia funga, ukubwa wa kuuliza unautoa wapi.

Na ukafunga. Hapa ndipo penye jambo lenyewe. Wewe ulizaliwa mtu wa mkono wa kushoto. Tangu ulipoanza kushika kijiko bibi yako mzaa baba alisema ni aibu, mtoto wa kike atampaje mgeni chakula kwa mkono huo? Nikakufunga kitambaa kwenye kiganja, wakati mwingine nikakuchapa. Ulipofika miaka saba, mbele ya watu ulikuwa mtu wa kulia kama mtu mwingine yeyote. Lakini kule nyuma ya nyumba, tukiwa sisi wawili na kazi imekuwa nyingi, nilikuachia ufunge kwa kushoto, kwa sababu kwa kushoto ulikuwa na haraka kuliko mimi. Ona mambo yangu. Mkono uleule nikauchapa mezani na kuutumikisha kazini.

Magome tulikuwa tunayafunga kwa ukanda wa gome lenyewe ungali mbichi. Unazungusha, unasokota, unaingiza mkia chini. Mtu wa kulia mkia wake unalala kulia. Mtu wa kushoto unalala kushoto. Katika kikundi chote kila mtu alijua mwanamke wa mkono wa kushoto ni mmoja tu, Njeri. Wewe hakuna aliyekujua.

Lori likatuchukua mpaka Thika, wanne na wewe. Mimi, Njeri, Wangari, na nyanya yake Kimani aliyekuwa anataka tu kuona mji. Tulifika kwenye uwanja wa kiwanda, mizigo ya nyumba zote imechanganyika kwenye lori, tukiwa na fahari, nakuambia. Tumevaa vitambaa vyeupe kichwani kama tunakwenda kubatizwa. Karani wa kukagua alikuwa kijana wetu, mtoto wa kilima cha pili, lakini alikuwa amevaa soksi mpaka magotini na hakutusalimu. Alikuwa na kijipanga kifupi. Akachoma mzigo wa kwanza, ukawa mzuri. Wa pili, mzuri. Akafika kwa mmoja akanusa, akaukata ukanda, magome yakafunguka, na ule weusi ukamwagika pale chini.

"Mama zangu," akasema, "hii ni gome au ni mbolea?"

Akakata mingine. Mizigo sita ya namna ile. Akamwita mzungu wake, na mzungu akatazama mara moja tu na kutikisa kichwa, akarudi kwenye kivuli. Karani akasema lori zima lirudi. Lori zima, Nyambura! Kazi ya nyumba kumi na nne, kwa mizigo sita. Wangari akaanza kulia. Karani akasema, "Mkija tena mje na magome, na huyo anayewaharibia mumwache nyumbani. Ni nani amefunga hii?"

Mimi nilijua kabla hajamaliza kusema. Nilikuwa nimekwisha kuona mkia wa ukanda ulivyolala. Ningeweza kusema, "Ni wangu." Maneno mawili. Nilikuwa na mdomo, nilikuwa na pumzi. Nikainama, nikauokota ule ukanda, nikauinua juu watu wote waone, nikasema, "Tazameni fundo. Hili ni la mkono wa kushoto."

Wote wakamgeukia Njeri.

Hakupiga kelele. Alikuja akaushika ukanda, akautazama, akasema, "Hili si langu. Mimi huzungusha mara tatu, hapa pamezungushwa mara mbili." Halafu akanitazama mimi, si Wangari, si karani. "Mama Nyambura, wewe umefunga na mimi siku ngapi? Waambie nazungusha mara ngapi."

Nikasema, "Mambo ya mara mbili mara tatu mimi sikuhesabu."

Ndipo wewe ulipofungua mdomo. "Mama, lakini hilo ni..." Nami nikakushika bega, nikakubana kwa vidole mpaka ukajikunja, nikasema watoto wasiingilie mambo ya wakubwa. Alama za vidole vyangu zilikaa siku nyingi. Nilikuwa nikikuogesha naziona, na nilikuwa nakasirika na wewe. Eti wewe! Kwa nini ngozi yako haiponi haraka!

Yaliyofuata unayajua. Kikundi kilimtoa Njeri jioni ileile. Wakampa jina, Njeri wa Ukungu, na watoto wa shule wakawa wanaliimba akipita kwenda mtoni. Ngwatio ikapita shamba lake kana kwamba halipo, na mwanamke mmoja kwa jembe moja hawezi mteremko ule. Msimu wa pili alifunga nyumba akaenda Ruiru kuchuma kahawa kwenye shamba la mzungu. Yeye aliyetufundisha kuuza vyetu, akaenda kuchuma vya mtu. Na mimi wakanichagua mwenyekiti. Walisema nina jicho.

Nikawa mwenyekiti mzuri, ukitaka kujua. Hilo ndilo linalonichoma zaidi. Serikali ilipotuhamishia kijijini wakati wa hali ya hatari, wanaume wamechukuliwa, mtu hatoki bila pasi, mimi ndiye niliyesimama mbele ya bwana shamba nikasema kina mama hawa wanataka kitalu. Nilikatazwa, nikarudi. Nikatukanwa, nikarudi. Leo tuna miche ya kahawa imesimama mistari pale karibu na mto, mashamba yamepimwa, kila mtu ana kipande chake, na wageni wanaletwa kutuona. Huyo mwanamke wanayempiga picha amesimama juu ya mizigo sita iliyooza. Kila nikitoa neno juu ya uaminifu kwenye mkutano, nasikia vidole vyangu vikibana.

Sasa sikia la mwezi uliopita, ambalo hulijui, kwa sababu ulikuwa umekwenda Thika kupimwa kifua kwa ajili ya chuo.

Njeri alikuja. Alishuka basi barabarani, akapanda kilima kwa miguu, akaja mpaka kwenye ua wa kitalu. Hakuingia ndani. Amekonda, na mikono imekuwa myeusi kwa utomvu wa kahawa za watu. Kina mama wakasimama kila mtu na kopo lake la maji. Nikatoka kumkuta nje. Akasema, "Mwenyekiti, sikuja kuomba msamaha. Nimekuja kuomba miche. Kipande changu kimepimwa kama vyenu, na bwana shamba ananiambia asiye kwenye kikundi hapewi."

Nikasema, "Tutaangalia."

Akasema, "Angalieni. Sina haraka ya leo, nina haraka ya mvua." Alikwenda hatua chache akageuka. "Bado nazungusha mara tatu, Mama Nyambura. Ukitaka kuja kuhesabu, niko Ruiru."

Haki ya Mungu, kama angenitukana ningempenda. Nilirudi ndani na kina mama wakasema kwa sauti moja hapana, huyo ataozesha miche kama alivyoozesha magome, na Wangari akasema mwenyekiti ndiye ajuaye. Wakanitazama. Nikasema tutaamua kwenye mkutano. Nilikuwa na mdomo siku ile pia.

Mkutano ni Jumamosi. Wewe unaondoka kesho, Alhamisi. Miche inagawiwa Jumatatu, kabla ya mvua, na asiyeandikwa Jumamosi atakuwa amekosa mwaka, na wanasema mwakani idadi itakuwa imefungwa. Njeri akikosa safari hii, atazeekea kwenye kahawa ya mzungu na kipande chake kitamezwa na magugu mpaka atokee mwanamume wa ukoo akichukue. Hivyo ndivyo mambo yalivyo. Sikuandikii habari za zamani tu.

Unakwenda kujifunza kuwasaidia wakulima wadogo, ndivyo karatasi yao inavyosema. Mimi karatasi hiyo sikuipenda tangu siku ilipokuja. Watakufundisha nafasi kati ya shimo na shimo, na samadi debe ngapi, na utarudi na viatu na kitabu. Wataalamu wamekuja hapa tangu nikiwa msichana. Kila mmoja akifika anauliza, "Mwenyekiti yuko wapi?" Anakalishwa kivulini, anapewa chai, anaambiwa kikundi kinaendelea vizuri, anaandika, anaondoka. Nimewapa chai hiyo mimi mwenyewe. Nakuambia kama mtu aliyekuwa anamimina: ukifika kwenye kikundi chochote, usimwamini mwenyekiti. Mwenyekiti ni mimi. Zunguka nyuma ya ua, tafuta ni nani aliyesimama nje, ni shamba la nani ngwatio inaliruka, halafu uulize ni kwa nini, na jibu la kwanza usiliandike.

Na jambo lingine. Nimelifikiria miaka hii yote nikipalilia. Sisi tuliapa kwamba hakuna kubandua kabla. Hatukuapa la kufanya mtu akiwa amekwisha kubandua. Hapakuwa na siku ya mtu kusema, "Jamani, langu limeharibika," na watu wakamcheka kidogo na kumwachia aendelee kuishi. Kama ingekuwapo, sijui kama ningesema. Nadhani ningesema. Wale unaokwenda kuwafundisha, waambie waweke siku hiyo, kabla lori halijafika. Hawatakuelewa. Watakuona mtoto wa juzi. Waambie tu.

Sasa fungu lako la hasira, maana nilikuahidi.

Una adabu mno. Tangu siku ile hujawahi kunijibu, hujawahi kunitolea neno la ukaidi hata siku moja. Jirani zangu wananionea wivu, "Nyambura ni mtoto, Nyambura ni mtoto." Unanipa chakula kwa mkono wa kulia, kiwiko umekishika kwa wa kushoto, umeinama, kana kwamba mimi ni mke wa chifu. Ningefurahi kama ungenivunjia sufuria moja. Ungenipigia kelele ukiwa na miaka kumi na minne, "Mama, wewe ni mwongo!", labda nisingefika na uzee huu nikiwa na uongo ule ule. Ulininyamazia. Najua ni mimi niliyekubana bega, najua! Lakini uliendelea kunyamaza hata mkono wangu ulipokuwa hauko tena begani.

Asubuhi hii nilisimama pale jikoni nikakutazama ukifunga sanduku hili. Nilijificha, ndiyo, mwanamke mzima nimejificha nyuma ya mlango wa jiko langu. Tulikuwa peke yetu, hakuna bibi yako, hakuna mgeni, na ulidhani hata mimi sipo. Nikasema leo ataushika kwa ule mkono wake wa haraka. Ulizungusha kamba. Ukasokota. Ulihangaika, kamba ikakuteleza mara mbili, ukaanza upya. Na mkia ukauingiza kulia.

Wewe ulifunga mizigo ishirini kwa asubuhi moja ukiwa mtoto. Sasa kamba moja inakushinda, na huna hata mtu wa kumwogopa. Basi nikaelewa kwamba hujawahi kuutumia tena mkono ule, si mbele ya watu wala peke yako, tangu siku niliyoinua ukanda juu pale Thika. Nilitoka nje nikaketi kwenye shina la mwati, na hapo ndipo hasira ilipogeuka ikanitazama mimi.

Kwa hiyo hivi ndivyo nitakavyofanya. Jumamosi nitasimama kwenye mkutano, nitasema magome yale yalikuwa yangu, na fundo lilikuwa la mtoto wangu niliyemtuma. Watanifanya watakavyo. Wangari atapiga ukelele wa kusikika mpaka barabarani. Uenyekiti wauchukue, na kama watasema miche yangu ipewe Njeri, basi ipewe. Jumapili nitapanda basi kwenda Ruiru kumwambia mwenyewe. Wewe kesho basi lako litasimama Ruiru, na najua moyo wako utakuambia ushuke umtafute. Usishuke. Safari hiyo ni yangu na nimechelewa miaka minane.

Lakini mimi najifahamu. Mwezi uliopita pia nilikuwa nimejiambia nitasema. Jumamosi watanitazama kwa yale macho yao ya kuniamini, na mdomo wangu unajua kukauka. Ndiyo maana nimeandika kwa mkono wangu, na jina langu lote liko chini, na barua hii naiacha kwako. Nimemwambia Wangari akuandikie wiki ijayo akueleze mkutano ulivyokwenda, kwa sababu yeye hawezi kuficha kitu hata akilipwa. Ukisoma barua yake na humo hamna Njeri, basi ujue nimeshindwa. Omba ruhusa chuoni, urudi, uwaite kina mama wote kwenye kitalu, uwasomee hii neno kwa neno mimi nikiwa nimekaa pale pale. Usinionee huruma. Nikikutazama kwa jicho la kukunyamazisha, soma kwa sauti zaidi. Na ikiwa askari wa kizuizi watakupekua njiani na kuifungua, waache wasome, watakuta magome tu.

Sasa utarudi kutoka kwa shangazi yako umechoka na maneno, na utakuta sanduku lako limefunguliwa na kamba iko chini. Usinung'unike. Ni mimi. Nimelifungua niweke barua hii juu ya nguo, halafu nikajaribu kufunga lile fundo lako la zamani, lile la kushoto, nikashindwa. Mkono wangu haulijui. Nimeliacha wazi.

Niko hapa nje napukuchua mahindi. Ukimaliza kusoma, leta sanduku uwanjani, kwenye mwanga, jirani wakiwa wanapita. Ulifunge mwenyewe, kwa mkono wako, na mimi nitakaa nitazame.

Mama yako,
Wambui, mke wa Njoroge, mwenyekiti mpaka Jumamosi